Ulipiga saa ngapi? Niliyojifunza kwenye maporomoko ya Sanje

Kila nikionyesha picha zangu za Sanje, swali la kwanza huwa nimetumia kamera gani. La pili, lenzi gani. Sijakutana bado na mtu wa kuniuliza nilipiga saa ngapi, au nilizungumza nini na mwongozaji kabla hatujaanza kupanda, na huko ndiko picha zile zilikopatikana. Kamera yangu ni ileile ninayofanyia kazi za harusi na vipaimara Morogoro mjini, imechubuka pembe zote.

Naandika kwa anayetaka kwenda kupiga picha hasa, iwe kwa kamera au kwa simu. Anayekwenda kuogelea na kupiga selfi hana haja ya mengi humu, isipokuwa sehemu ya viatu. Hiyo asiiruke.

Sanje iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, upande wa mashariki wa milima, juu ya kijiji cha Sanje katika bonde la Kilombero. Maji yanaanguka kwa hatua tatu, jumla kama mita 170. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, na tofauti yake na jirani yake Mikumi ni kwamba huku hakuna kuzunguka na gari ukichungulia wanyama dirishani. Unatembea kwa miguu, basi. Anayetoka Dar anapanda basi la Ifakara na kushuka Mang'ula, kama kilomita 60 baada ya kuiacha barabara kuu pale Mikumi mjini. Kaa upande wa kulia, maana milima iko huko. Ukishapita Kidatu mashamba ya miwa yanaanza, na nyuma yake msitu unapanda ghafla hadi mawinguni.

Ofisi na lango kuu viko Mang'ula, lakini njia ya maporomoko inaanzia Sanje, kama kilomita kumi kabla ya kufika Mang'ula. Nimewakuta vijana waliotoka Dar wameshuka Sanje kwa furaha, wakaambiwa warudi barabarani, waende Mang'ula kulipa, halafu waje tena. Saa mbili zimeshapotea hapo, na jua halikuwangoja. Lipia Mang'ula kwanza, ikiwezekana jioni uliyofika uulize utaratibu wote. Fedha taslimu usizitegemee getini, malipo ni kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali. Njoo na kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni cha chini sana ukilinganisha na cha mgeni kutoka nje, na hakuna atakayekubali maneno matupu kwamba wewe ni Mtanzania. Mwongozaji ni lazima na analipiwa mbali na kiingilio. Ongeza bodaboda ya kwenda Sanje na kurudi, ambaye mnapatana naye bei ya safari zote mbili na unabaki na namba yake ya simu, maana jioni pale si stendi.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Septemba, kiangazi. Nilikwenda na mpwa wangu, kijana wa chuo, aliyekubali kubeba stendi ya kamera kwa ahadi ya kuogelea. Kila niliyemuuliza aliniambia nenda asubuhi na mapema. Tukaanza kupanda saa mbili kasoro.

Ushauri wa asubuhi ni mzuri kwa mambo mengi. Hewa bado ina ubaridi, ndege wanaimba, na mbega wekundu wanakuwa juu ya miti wakila majani. Mwongozaji alitusimamisha tusikilize sauti nzito iliyotoka bondeni. Akasema huyo ni ngolaga. Wenyeji walikuwa wakimwita hivyo miaka yote, halafu wataalamu wakaja kumtambua mwaka 1979 na kumpa jina la mahali hapa. Ndiye kima wa Sanje, na hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Nilijaribu kumpiga picha nikapata matawi.

Lakini kwa maji yenyewe, asubuhi ya anga safi ni balaa. Mteremko ule umeelekea mashariki, kwenye bonde la Kilombero, kwa hiyo jua likichomoza tu linaupiga uso wa maporomoko moja kwa moja. Tulipotokeza mbele ya maji, nusu yake ilikuwa inawaka weupe wa kuumiza macho, na nusu ya msitu pembeni ilikuwa kiza. Macho ya binadamu yanavumilia tofauti hiyo, kamera haivumilii. Nikishusha mwanga ili maji yasiungue, majani yanageuka meusi ti. Nikiupandisha ili majani yaonekane, maji yanabaki doa jeupe lisilo na hata uzi mmoja ndani yake. Kwenye harusi ningesogeza maharusi chini ya mwembe. Hapa ungesogeza nini?

Mpwa wangu alifurahi, maana jua hilohilo lilitoa upinde wa mvua kwenye manyunyu. Kama upinde ndio unaoutaka, basi nenda asubuhi ya jua, simama jua likiwa mgongoni, utaupata bila taabu. Mimi nilitaka maji yenye mwendo na msitu wenye rangi yake.

Jambo la pili la siku ile lilinisumbua zaidi ya jua. Mzunguko wa Sanje unachukua kama saa nne kwa mtembeaji wa kawaida, na mwongozaji anauendesha kwa saa hizo. Anasimama, anaeleza mti, mnapiga picha mbili tatu, mnaendelea. Kwa mgeni wa kawaida hiyo ni kazi nzuri kabisa. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nafunga filta, kile kioo cha kuvisha mbele ya lenzi, nikasikia nyuma yangu, "Dada, tunaweza kusogea?" Hakuwa na ubaya wowote. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu wa picha anaweza kukaa mbele ya jiwe moja saa nzima akingoja wingu. Ukiwa na haraka ya mtu mwingine kisogoni, unabonyeza ili uonekane umebonyeza.

Kwa hiyo mazungumzo yote yafanyike ofisini au njiani kabla ya kupanda. Mwambie mwongozaji, nataka kukaa sana hapa na hapa, tutarudi saa fulani, je, inawezekana? Mwambie pia chai ya muda wa ziada ipo, na uitoe kweli. Mwonyeshe kwenye simu picha ya aina unayoitafuta. Hili la mwisho lilinishangaza kwa matokeo yake. Safari iliyofuata mwongozaji, mtu mwingine kabisa, aliitazama ile picha kidogo, akasema, "Basi wewe hutaki pale wanaposimama wageni. Nitakuonyesha." Akanipeleka hatua chache kando, ndani ya njia ileile iliyoruhusiwa, mahali ambapo mzizi mkubwa unaukata mwamba na maji yanaonekana kati ya majani mapana. Peke yangu ningepapita.

Safari hiyo ya pili ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mawingu yatalainisha mwanga, na maji yatakuwa mengi. Vyote vilikuwa kweli. Ila mto uliojaa unachafuka, na maji ya rangi ya chai hayana mvuto wa maji meupe. Manyunyu nayo yalikuwa mengi kiasi kwamba ukielekeza lenzi kwenye maji, kabla hujahesabu tatu kioo kimejaa matone. Mbinu inayofanya kazi ni ya kizembe lakini haina mbadala. Mtu wa pili anashika mwavuli, kamera inatazama chini hadi dakika ya mwisho, unainua, unafuta kwa kitambaa kikavu, unabonyeza, unaishusha. Vitambaa viwe vingi, kila kimoja kwenye mfuko wake wa nailoni, kwa sababu kitambaa kikishalowa kazi yake ni kutandaza maji tu. Khanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi inanyonya kuliko vile vitambaa vidogo vinavyokuja na miwani.

Halafu ukungu. Nyumba ya wageni niliyolala ilikuwa na kiyoyozi, nami nililala nacho, kamera mezani pembeni yangu. Asubuhi tulipoingia msituni lenzi ilishika ukungu ndani na nje, kila kitu kikawa kama unatazama kupitia mvuke wa sufuria ya wali. Haifutiki, unangoja tu chombo kipate joto la hewa ya pale, na kwangu kilichukua zaidi ya nusu saa huku wingu zuri kabisa likipita juu ya vichwa vyetu. Siku hizi kamera inalala kwenye begi lililofungwa, mbali na kiyoyozi, au kiyoyozi kinazimwa. Kuokoa nusu saa ya msituni kwa kutoka jasho usiku ni biashara nzuri.

Sasa viatu. Mpwa wangu alikuja na yeboyebo. Alisema ndizo wanazovaa vijana wa pale mashambani, na ni kweli, lakini vijana wale wanajua kila jiwe. Karibu na dimbwi la juu, mwamba uliolowa una utando wa kijani usioonekana vizuri. Mguu wake wa kushoto ulitoka, akakaa chini kwa kishindo na kuteleza hadi kwenye maji ya magoti, stendi ya kamera ikiwa mkononi juu, hakuiachia. Mwongozaji alishamshika shati kabla sijapiga hata kelele. Kilichonitoa jasho ni pale nilipogeuka nikaona maji yanapoelekea. Kutoka kwenye dimbwi lile si mbali hadi ukingoni, ambako mto unaanguka kwenda chini na mbele yako unaliona bonde zima la Kilombero na miwa yake hadi upeo wa macho. Mandhari ni ya kupendeza mno, na ndiyo inayowavuta watu wasogee. Mpwa alicheka, "Shangazi, si stendi iko salama?" Mimi sikucheka hadi tulipofika chini.

Vaa raba zenye soli ya meno, zilizokwisha kuzoea mguu wako. Kwenye mwamba uliolowa pita pale penye changarawe au pakavu, hata kama njia ni ndefu zaidi. Mvua ikinyesha juu mlimani na mwongozaji akisema tunatoka majini, toka saa hiyohiyo, mto wa mlimani unajaa bila kukuaga. Na fimbo, ambayo nilikuwa naiona ya wazee, ndiyo iliyoyaokoa magoti yangu kwenye kushuka. Kupanda kunachosha pumzi, kushuka ndiko kunakoumiza.

Gharama ambayo hakuna aliyenionya ilikuja wiki kadhaa baadaye. Nilirudi Morogoro, kazi za harusi zikanipokea, begi likabaki kabatini na unyevu wake. Siku nilipoitoa lenzi ile pana niliona nyuzi nyeupe nyembamba zimetambaa ndani ya kioo. Ni kuvu. Fundi wa Kariakoo aliifungua, akaisafisha, akaniambia kwa upole kwamba nyuzi zimeondoka ila zimeshakula tabaka la juu la kioo, alama haitatoka. Nilimlipa pesa ambayo ingenirudisha Sanje na kunilaza, na lenzi ikipigwa na mwanga wa mbele bado inatoa weupe hadi leo. Niliumia, maana ile ndiyo iliyokuwa inanilisha. Ukirudi kutoka msituni, siku hiyohiyo toa kila kitu begini. Vifute, viache penye hewa, begi lianike juani. Kisha hifadhi lenzi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ndani yake ukiweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na vyombo vya umeme. Waambie ndugu na majirani wasivitupe. Mchele usiweke, vumbi lake linaingia kwenye maungio ya lenzi.

Picha ninazozipenda nilizipata Juni. Masika yalikuwa yameisha, mto bado una nguvu lakini umeshatulia na kusafika, na njia imeanza kukauka. Safari hii niliomba tuanze kupanda saa saba mchana. Mwongozaji aliniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Bonde lile liko chini, si mbali sana juu ya usawa wa bahari, na saa saba ni tanuri. Lakini ukishaingia chini ya miti joto linapungua, na maji ya kunywa nilibeba lita tatu. Tulipatana kwamba saa kumi na nusu tunageuza, bila mjadala, ili kiza kisitukute msituni. Tembo na nyati wapo humo. Kinyesi cha tembo tulikikuta njiani, kikiwa bado kibichi, na mwongozaji akaacha stori zake kwa muda.

Kuelekea saa tisa jua lilipita nyuma ya mlima. Hicho ndicho nilichokuwa nakingoja. Kivuli kilishuka kutoka juu, kikafunika hatua ya kwanza ya maji, kisha ya chini, na dakika chache baadaye uso wote wa maporomoko ulikuwa kwenye mwanga mmoja. Maji yakapata nyuzi, mwamba ukaonyesha weusi wake wenye zambarau, na kila jani likarudi kwenye kijani chake. Mbinguni bado kulikuwa kweupe, kwa hiyo nilifunga picha chini ya mstari wa mbingu, kipande cha anga kisiingie hata kidogo. Kipande kidogo tu cha anga juu ya picha kinavuta jicho kuliko maji yote.

Kwa wanaotaka namba, nilizotumia zaidi ni ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), apacha, yaani tundu la lenzi, kati ya f/8 na f/11, na shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, kuanzia robo sekunde hadi sekunde moja. Watu wengi wakinunua filta ya kupunguza mwanga wanaacha shata wazi sekunde kumi, ishirini, na maji yanageuka blanketi. Poromoko lenye nguvu kama lile halihitaji hivyo. Ukiwa chini ya msitu, kivulini, robo sekunde inatosha kuonyesha mwendo na bado unaona maji yanavyogonga jiwe na kupasuka. Filta yangu moja ya lazima ni ya polaraiza. Inaondoa mng'ao kwenye majani na miamba iliyolowa, na yenyewe inapunguza mwanga kiasi cha kukurefushia shata bila filta nyingine. Izungushe taratibu ukitazama majani, si maji. Usiizungushe hadi mwisho kila mara. Mwamba uliolowa ukiuondolea mng'ao wote unaonekana mkavu, na hapo umeua nusu ya habari. Tumia kichelewesho cha sekunde mbili ili kidole kisitikise kamera, na miguu ya stendi isikae ndani ya maji yanayopita kwa kasi. Mtetemo wake huuoni kwa macho, utauona ukifika nyumbani.

Mwenye simu asijidharau. Simu nyingi za sasa zina namna ya kupiga maji yenye mwendo, tatizo ni mkono. Iegemeze kwenye jiwe juu ya soksi iliyokunjwa, weka kichelewesho, kivuli hichohicho kitakusaidia.

Na weka mtu ndani ya picha angalau moja. Niliwahi kumwonyesha mteja picha safi kabisa ya poromoko lote, akauliza kama ni la mita tano. Nilipomwonyesha ile ambayo mpwa amesimama chini kulia, mdogo wa kidole, alinyamaza kwanza. Ukipanga kuuza picha au kufanya kazi ya kulipwa mle ndani, uliza kuhusu kibali mapema ofisini. Drone usiibebe kabisa bila vibali vyake.

Watu wa kijijini pia si mapambo. Njia inapoanzia utakutana na kina mama wakitoka shambani. Wengi wao walikuwa wakiruhusiwa kuingia msituni kuokota kuni siku maalumu, hadi mwaka 2011 ruhusa hiyo ilipokoma. Ukimnyooshea lenzi mama aliyebeba kuni bila salamu, huenda anawaza mambo mengine kabisa kuhusu wewe, hifadhi na hizo kuni. Salimia, eleza, omba. Akikataa, asante na safari njema. Dimbwini pia usioge na sabuni. Maji hayo hayo yanateremka kwa watu.

Tuligeuza saa kumi na nusu kama tulivyopatana, ingawa mwanga ulikuwa unazidi kuwa mzuri na moyo wangu ulikuwa unaniambia dakika kumi tu. Mwongozaji hakusema kitu, alitazama saa yake na kuvaa begi. Nilikunja stendi. Mtu aliyekukubalia saa saba mchana atakukubalia tena mwakani iwapo tu ulishuka saa uliyosema, na bodaboda wetu alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza tumefika wapi. Chai ya mwongozaji nilimpa mkononi palepale kibaoni, kabla sijapanda pikipiki. Niliandika namba yake kwenye daftari pamoja na mwezi, saa ya kivuli na hali ya maji, kwa sababu nataka kwenda tena Novemba, mvua za kwanza za vuli zikianza, nione kivuli cha mwezi huo kinaanza saa ngapi.